Umeacha Kufanya Nini?

Maneno haya juu ya kuishiwa pumzi niliyasema kwenye mkutano wa kikoba cha kina mama, Lushoto, mwezi wa Julai. Mwenyekiti aliniomba niyaandike ili wasiofika wayasome kwenye simu zao. Nimeondoa vicheko, na pale lori la kabichi lilipopita tukanyamaza wote. Mengine nimeyaacha yalivyotoka.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, hamjambo. Na nyie kina baba mliosimama mlangoni kama mnasubiri basi la Mombo, ingieni mkae. Ya leo ni yenu pia, na wengine nawasikia mnavyohema mkipanda kutoka stendi.

Nimeambiwa nizungumze juu ya kuishiwa pumzi, mtu ajue lini ni ya kwenda kwa daktari na lini ni ya kunywa tangawizi akalala. Nimekuwa nesi miaka 31, na mingi kati ya hiyo niliimaliza kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa wa dharura. Waliowahi kuja mapema wakaniambia, "Sista, sipumui vizuri," ni wachache mno. Wengi huletwa wakiwa wanavuta hewa kwa mabega. Ukimuuliza imeanza lini, atakwambia jana. Ukimuuliza aliyemleta, naye atasema jana. Sasa kaa naye, muulize mambo ya nyumbani taratibu, utakuta hiyo jana ina miezi saba.

Kuna methali ya mficha maradhi, mnaijua. Kwa jambo hili siipendi. Watu hawa hawafichi chochote, hawajui kwamba wanaumwa. Pumzi inapopungua polepole haipigi hodi. Inaisha kama kipande cha sabuni bafuni, kila siku kipo, ila kila siku ni kidogo kuliko jana. Mwaka jana ulipanda mlima na tenga la mboga kichwani hujasimama. Baadaye unasimama mara moja, unajifanya unamsalimia mtu. Baadaye tenga anabeba kijana. Baadaye soko lenyewe unaliacha, unauzia mlangoni, unasema siku hizi wateja wanakuja wenyewe. Kila hatua ina sababu yake nzuri, na hakuna anayekupinga. Na kwa kuwa umeacha kupanda, huhemi. Nesi akikuuliza, "Mama, unapata shida ya kupumua?" unajibu hapana, na wala hudanganyi. Aliyekaa kwenye kiti ana shida gani?

Kwa hiyo mimi siku hizi siulizi hivyo. Nauliza, "Umeacha kufanya nini?" Mwaka jana wakati wa kupanda mahindi ulikuwa unafanya nini ambacho mwaka huu anakifanya mwingine?

Swali hili sikufundishwa darasani. Alinifundisha mama yangu mzazi, na alinifundisha kwa gharama yake. Mama alianza kuswali ameketi. Nikasema ni magoti. Akahamisha kiti chake kutoka uani kikawa barazani, karibu na mlango. Nikasema anapenda kuona wapita njia. Maji akawa anatuma wajukuu, nikasema ndiyo heshima ya bibi hiyo. Akaongeza mto kitandani, akasema ni kikohozi, nami mwenyewe nikamnunulia mto wa tatu, mto mzuri wa sufi. Viatu vikaanza kumbana jioni. Nikamnunulia ndala. Mimi, nesi, niliyekuwa nikiwafokea watoto wa wenzangu kwa kuchelewesha wazazi wao, nilimnunulia mama yangu kila kitu alichohitaji ili aendelee kuumwa vizuri. Siku moja usiku nikamkuta amesimama dirishani, ameshika nondo, anatweta. Ndipo macho yakanifunguka. Presha ilikuwa 190 kwa 110, na moyo ulikuwa umeshatanuka. Alipata dawa, akaishi miaka minne mingine, na miwili kati ya hiyo aliswali amesimama. Lakini ile miezi sita niliyompotezea bado ninayo mimi.

Sasa tuingie ndani ya jambo lenyewe.

Moyo ni pampu, na upande wake wa kushoto ndio unaopokea damu kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Presha ikikaa juu miaka, yaani 140 kwa 90 na kuendelea, pampu hiyo inasukuma dhidi ya mlango mgumu kila siku mpaka inachoka. Ikichoka, damu inarudi nyuma na kurundikana mapafuni, na maji yanaanza kuvuja mahali pa hewa. Mchana ukiwa umesimama, maji mengi ya mwili yamekaa miguuni, ndiyo maana viatu vinabana jioni. Ukilala chali, yanarudi juu. Ndiyo sababu mtu anaongeza mito. Kwa hiyo idadi ya mito ni kipimo, na ni kipimo cha bure. Ukiona umetoka mto mmoja ukafika mitatu, au umeanza kulala umeegemea ukuta, usingoje miguu ivimbe. Nenda wiki hiyo hiyo.

Na hapa nataka niseme juu ya jinamizi, kwa sababu limewaua watu wangu wengi, au tuseme limesingiziwa. Mtu anaamka usiku kifua kimekandamizwa, anasema jinamizi lilimkalia. Sibishani na mtu juu ya majini, kila mmoja na imani yake. Ila tazameni jinsi anavyoamka. Yule wa jinamizi tunalolijua sote hushtuka macho yamefunguka lakini mkono haunyanyuki, sauti haitoki, na baada ya muda mfupi linamwachia, anageuka upande wa pili na kulala. Yule wa moyo analala vizuri saa moja au mbili, halafu anaamka anatafuta hewa, na viungo vyote vinafanya kazi. Anakaa kitako, anateremsha miguu, anafungua dirisha na baridi hii yetu ya Julai, anakohoa, na inamchukua dakika kumi, kumi na tano, nusu saa kutulia. Huyo asipelekwe kwa mganga kwanza. Mganga atakuwepo tu wiki ijayo.

Mwenye pumu naye huamka usiku, mara nyingi kuelekea alfajiri, kifua kikipiga filimbi. Tofauti ya hao wawili si kazi yenu kuimaliza nyumbani. Wote wawili waje.

Kipimo kingine ni maneno. Mtu akipata shida ya pumzi, msimuulize kama anajisikia vizuri, atasema hajambo tu, ndiyo adabu yetu. Mwambieni ahesabu moja mpaka ishirini kwa pumzi moja, au asome dua anayoijua, au ataje majina ya watoto wake wote. Akikatisha kila baada ya neno moja au mawili ili avute hewa, hakuna haja ya kikao cha familia. Hiyo ni dharura, tafuteni gari.

Nitaje na nyingine za kuondoka sasa hivi, mzisikie vizuri hata kama nitazivuruga mpangilio. Pumzi iliyokata ghafla, mtu alikuwa mzima asubuhi, saa nane anahema. Anayehema akiwa amekaa tu, hajafanya lolote. Kifua kinachouma au kubana kama kimefungwa kanga iliyokazwa, maumivu yakipanda taya au yakishuka mkononi. Na nawaambia hili kwa kuwa hapa tunasahauliwa sisi wanawake na wenye kisukari: mshtuko wa moyo kwetu unaweza usije na maumivu kabisa, ukaja na pumzi kukata, jasho la baridi, kichefuchefu na uchovu usio na maelezo. Kukohoa damu. Kuzimia. Kuchanganyikiwa au kusinzia katikati ya kuhema. Akianza kusinzia msiseme ametulia, huenda amechoka kupumua. Midomo kubadilika rangi, na kwa ngozi yetu angalieni ulimi, fizi na kucha, maana usoni mtachelewa kuona. Uso na midomo kuvimba baada ya kuumwa na nyuki au kumeza dawa mpya. Mwenye selimundu mwenye homa na kifua kinachouma. Mwenye kisukari anayevuta pumzi ndefu nzito huku anatapika. Mguu mmoja uliovimba na kuuma, kisha pumzi ikakata, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji, aliyejifungua karibuni, au aliyelala kitandani siku nyingi, kwa kuwa damu iliyoganda mguuni inaweza kung'oka ikaziba njia mapafuni.

Mgonjwa wa namna hiyo mkaeni naye akiwa amekaa. Jamani, akiwa amekaa! Nimepokea watu waliolazwa chali nyuma ya gari kutoka juu huko mpaka hospitali kwa sababu "mgonjwa analazwa". Mnamzamisha. Mwegemezeni, mfungueni nguo za kifuani, punguzeni watu wanaomzunguka na kumlilia, na mtu mmoja awatangulie kwa simu.

Nirudi kwa mabinti. Nyie mlio na mimba, kuhema kidogo ni kawaida, tumbo linasukuma juu na mwili unapumua kwa ajili ya wawili. Ila kuna ugonjwa wa moyo unaowapata wanawake kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano baada ya kujifungua. Msichana hana presha, hana kisukari, moyo ulikuwa mzima, na ghafla unalegea. Nyumbani watasema uzazi umemchosha, apewe supu. Miguu inavimba, watasema ni chumvi. Anakohoa usiku, watasema baridi. Hawezi kumbeba mtoto kutoka chumbani mpaka jikoni, hapo mama mkwe naye ananung'unika kwamba kapata mvivu. Samahani kina mama wakwe, nami ni mmoja wenu. Mzazi aliyejifungua ambaye hawezi kulala chali, au anahema akimbeba mtoto wa kilo nne, apelekwe leo. Kuna kipimo cha moyo kinachotumia mawimbi, wenyewe wanakiita eko, hakiumi, ni kama ile waliyompimia mtoto tumboni. Wengi hupona au hupata nafuu kubwa wakiwahi. Na asishike mimba nyingine mpaka aongee na daktari wa moyo. Usafiri ukiwa tabu, mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga wana namba ya m-mama, 115, kupiga ni bure.

Pumu sasa. Hapa huwa napandisha sauti, mnivumilie.

Watu wanaiogopa ile pampu ya kuvutia dawa. "Ukishaianza huiachi." "Inachosha moyo." "Ni ya waliofika mwisho." Kwa hiyo mtu anakunywa vidonge, anajifukiza majani, anakula kila alichoelekezwa, na pampu ameificha kwenye mkoba kama kitu cha aibu. Ile pampu ya buluu, salbutamoli, inafungua njia za hewa zilizobana, inafanya kazi ndani ya dakika chache, na dawa inayoingia ni ndogo kuliko ya kidonge kwa sababu inakwenda moja kwa moja panapohusika. Kosa lake ni moja. Inafungua mlango lakini haizimi moto ulio ndani. Njia za hewa za mwenye pumu zimevimba hata siku ambazo hazibani, na kinachopunguza uvimbe ni dawa nyingine ya kuvuta, ya kuzuia, ambayo inavutwa kila siku hata kama unajisikia mzima. Wengi waliopewa zote mbili huitupa hii ya pili, maana hawaoni ikifanya kitu. Ukiona unaitafuta ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au usiku inakuamsha, pumu yako haijatulia, rudi kliniki. Ukiona imekuwa haikupi hata saa nne za nafuu, hiyo si ya kliniki tena, ni ya dharura.

Na mnaikosea kuivuta. Mtu anapuliza kama manukato mdomoni, dawa yote inabaki kwenye ulimi. Tikisa, toa hewa, funga midomo, bonyeza huku unavuta polepole, shikilia pumzi mpaka kumi. Mtoto haiwezi hiyo. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, toboa kitako chake tundu la kukaza mdomo wa pampu, mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, apumue humo mara tano sita, kisha tena. Hospitali kubwa wanauza kifaa chake kizuri, lakini chupa imeokoa watoto wengi. Akibanwa sana, endeleeni kumpa mpulizo mmoja mmoja hivyo mpaka kumi huku safari inaendelea, msikae nyumbani kuhesabu.

Moshi hauwezi kukosa hapa kwetu. Jikoni kwa mama zetu ukuta ni mweusi mpaka unang'aa, na sisi tulikuwa tukisema ndiyo jiko lenye baraka. Yale masizi hayakuishia ukutani. Mwanamke aliyepikia kuni miaka arobaini anaweza kuwa na mapafu kama ya mvuta sigara, ingawa sigara hajawahi kuigusa. Anakohoa asubuhi, anatoa makohozi, anahema mlimani, na hakuna anayemuuliza. Nimesikia Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ule wa 2024 mpaka 2034, unataka ifikapo mwisho wake asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia kwenye nishati safi. Inshallah. Mpaka mtungi wa gesi ukufikie kwa bei unayoiweza, fungua dirisha, pikia nje jua likiwaka, na mtoto mchanga asifungwe mgongoni wakati wa kupuliza moto.

Ila mkaa wa kulala nao ni jambo jingine kabisa. Mnajua ninachosema. Julai kama hii, baridi inakata, jiko linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, kanga inazibwa chini ya mlango. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, ndio mnaouamini. Ndio unaotoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hewa hiyo inashika damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Dalili yake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuhema, kusinzia, na alama kubwa ni kwamba mnaumwa wote mliomo chumbani kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Mkishaona hivyo msirudi ndani kulala. Nendeni hospitali mkapewe oksijeni, na mkifika semeni wazi: tulilala na jiko. Semeni, kwa sababu kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kinadanganywa na sumu hii. Kitasoma 98 na mtu anakufa.

Na kwa kuwa nimekitaja: vibanio hivyo vilijaa madukani tangu Korona, wengine mnavyo. Ni vizuri. 95 kwenda juu ndiyo ya kawaida, chini ya 90 ni kuondoka mara moja, na katikati hapo piga simu uulize, usikae nayo. Futa rangi ya kucha, pasha kidole moto kwanza. Na mjue kwamba kwa ngozi nyeusi kama zetu mashine hizi huweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli. Kwa hiyo ikisema 93 na mtu anahema, mwamini anayehema.

Watoto. Mtoto hajui kusema pumzi inakata. Mhesabie wewe. Avuliwe nguo ya juu, awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya, simu ihesabu dakika moja nzima, si nusu dakika ukazidisha. Kila tumbo linapopanda ni moja. Chini ya miezi miwili, 60 na zaidi ni nyingi mno. Miezi miwili mpaka mwaka mmoja, 50. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Hata kama homa huioni, na hata kama mtu wa duka la dawa amekupa chupa ya dawa ya kikohozi na kukutia moyo, nenda zahanati. Na kama chini ya mbavu pananyonywa ndani kila akivuta, au anakoroma, au hanyonyi, au anatapika kila kitu, au amelegea, au amepata degedege, hapo usihesabu hata. Ondoka. Wengi wao ni nimonia, ile mnayoiita kichomi, na nimonia ya mtoto haijui kusubiri siku ya gulio.

Yapo mengine nayapita haraka. Damu kupungua, ya minyoo au ya hedhi nzito au ya malaria, humfanya mtu aheme mapafu yakiwa mazima. Geuza kope la chini na utazame viganja, vikiwa vyeupe kapimwe damu. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda ni kifua kikuu mpaka kipimo kikatae. Kipimo ni bure na dawa ni bure. Na vijana wetu waliochimba tanzanite Mirerani, msikae nyumbani mkisema ni vumbi tu litatoka. Vumbi la mwamba halitoki. Linaacha makovu mapafuni na kukifungulia kifua kikuu mlango. Kule Siha, Kilimanjaro, ipo Hospitali ya Kibong'oto ambayo imewaona wachimbaji wengi wa namna yenu; mwambieni daktari mlifanya kazi gani na miaka mingapi, kwa sababu asipojua hilo atapapasa gizani.

Na hilo ndilo nalotaka mlibebe mkienda kwa daktari yeyote. Msiseme tu "kifua". Semeni ilianza mwezi gani, unaishia wapi ukipanda, unalala mito mingapi, usiku inakuamsha mara ngapi, dawa gani unakunywa, hata za mitishamba, unapikia nini, ulifanya kazi gani. Dakika tatu anazokupa zitatosha ukija na hayo. Na mkubali kufungua nguo asikilize kifua, mbele na mgongoni. Nimewaona kina mama wanasikilizwa juu ya kitenge na gauni na sweta. Hapo anasikiliza duka la nguo. Kama mnaona haya, ombeni nesi mwanamke asimame nanyi. Kuona haya si jambo geni. Mwaka 1816, Paris, daktari Laennec aliona haya kulaza sikio juu ya kifua cha msichana, akakunja karatasi ikawa kama bomba, akasikilizia huko, akashangaa kusikia vizuri kuliko kwa sikio tupu. Kile kipimo cha shingoni mwa madaktari wote kilizaliwa na haya ya mtu mmoja. Haya yake ilimfanya atafute njia ya kusikiliza. Yetu isitufanye tuzibe.

Kuna aliyeuliza hapa kabla hatujaanza, kama ni baridi na urefu wa Lushoto unaotunyima pumzi. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezaliwa hapa hiyo si sababu. Mlima huu uliupanda ukiwa binti, haujaongezeka.

Nimeona chai imeiva, sitawachelewesha. Nataka kitu kimoja tu. Fumbeni macho wote, nanyi kina baba, asione mtu mkono wa mwenzake. Anayelala na mito mitatu au zaidi, au ameegemea ukuta, anyooshe mkono.

Haya. Shusheni, fumbueni. Nimehesabu wanne, na mmoja ni wa kule mlangoni. Mashine ya presha ninayo kwenye mkoba. Nyie wanne mkishachukua chai, msiondoke, njooni huku nyuma ya ukumbi, tutakaa.